Printa ya Shemeji Giok-lan na Ukungu wa Saa Nane

Kwetu mlimani ukungu una saa zake. Inapogonga saa nane mchana, majani ya chai yakiwa yametandazwa kwenye nyungo uani, unapanda kutoka bondeni taratibu kama mtu mwenye mzigo mgongoni. Unafuta mianzi kwanza, halafu paa la jirani yetu Mwalimu Kho, halafu mistari ya mashamba mmoja baada ya mwingine, mwisho unaingia ndani bila kubisha hodi. Ukungu huo ndio ulioipa chai yetu jina, na ndio ulioiua kompyuta ya shemeji yangu.

Shemeji anaitwa Giok-lan. Ni mjane wa kaka yangu mkubwa, ana miaka sitini na mmoja, na shamba analiendesha mwenyewe tangu kaka afariki miaka sita iliyopita. Mimi ni Bun-hiong. Nilikuwa fundi wa nyaya za simu kwa miaka thelathini, mpaka goti la kushoto liliposema halipandi tena nguzo, nikarudi mlimani. Nyumba yangu iko hatua mia kutoka kwake, kwa hiyo kila kinachoharibika kwake huwa ni changu.

"Bun-hiong," aliniita asubuhi moja, mikono kiunoni. "Kompyuta imekufa."

"Imekufa au imezimia?"

"Nimeizaba makofi mawili. Imekufa."

Nikaifungua. Ndani ilikuwa na kutu ya kijani. Alikuwa kasema kweli.

Pembeni yake, juu ya meza ileile, ilikaa printa. Kubwa, nzito, rangi ya meno ya mzee, na juu yake, chini ya mfuniko, kile kioo cha kuskani. Karatasi huingia mgongoni na kutokea mbele bila kukunjwa, ndiyo maana inameza karatasi nene ya magome ya mforsadi ambayo shemeji hufungia chai yake. Printa za siku hizi ukizipa karatasi ile zinaitafuna kama mbuzi. Chai ya majira ya baridi ilikuwa imebakiza wiki mbili kuchumwa, na hapakuwa na hata lebo moja.

"Mwanangu kaniambia ninunue mpya," alisema. "Nikamwuliza, hiyo mpya itakula karatasi ya mforsadi? Akasema atauliza. Mpaka leo anauliza." Akachomoa simu mfukoni, akaipungia printa. "Sasa hii simu inapiga picha mpaka unyoya wa nyuki. Wanakaa meza moja kila siku. Kwa nini hawazungumzi?"

"Printa haina sikio la hewani, shemeji. Inasikia kwa waya tu."

"Basi itie sikio. Umefunga simu za nusu ya nchi, mashine moja ikushinde?"

Neno hilo lilinichoma kidogo, naye alijua lingenichoma.

Nilianza na njia ya mkato. Nyuma ya kile kisanduku kinachotoa waifai palikuwa na tundu, nikachomeka waya wa printa hapo. Taa ikawaka. Simu ikatafuta, ikazunguka, ikasema haioni printa yoyote. Nikazima, nikawasha. Nikasogeza meza. Shemeji akaleta uvumba akautikisa juu ya mfuniko, akasema haidhuru. Kumbe shida haikuwa waya. Printa ile ilijifunza lugha ya zamani, na simu haikufundishwa lugha hiyo. Ni kama kumkalisha bibi wa kijijini na mgeni wa ng'ambo: watatabasamu mpaka jioni, lakini hakuna atakayeelewa kitu.

Nikateremka mjini Chiayi kwa basi la asubuhi. Nyuma ya soko kuna duka la vifaa vya mitumba, na mwenye duka, mama mmoja mwenye paka begani, alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akanipa bamba dogo la kompyuta, ukubwa wa pakiti ya sigara.

"Huyu ni mkalimani," alisema. "Anakaa katikati. Upande huu anasikia simu kwa hewa, upande ule anamnong'oneza printa kwa waya. Ila umfundishe jina kamili la printa yako. Ukimpa jina la jirani, atasema upuuzi."

Nilimpa jina la jirani. Sikukusudia, mashine hizo zina majina yanayofanana kama mapacha, zikipishana herufi moja tu. Printa ikaamka, ikakohoa, ikaanza kutema karatasi zimejaa vijialama, nyota, pembe, herufi zisizo za nchi yoyote. Ukurasa baada ya ukurasa. Shemeji alisimama akizipokea moja moja kwa mikono miwili kama mtu anayepokea nguo zilizokauka.

"Marehemu mama mkwe anaandika," alisema. "Anadai sadaka yake."

"Ni mimi nimekosea jina, shemeji."

"Hata hivyo nitampelekea machungwa."

Siku ya nne nikapata jina lenyewe. Na kwa kuwa kila umeme ulipokatika printa ilipewa namba mpya na simu ikaipoteza, nikaipa namba moja ya kudumu, isihamehame. Kisha nikamwambia shemeji ajaribu. Hakujaribu pale mezani. Alitoka na simu, akapita uani, akapanda mpaka mstari wa mwisho wa shamba, pale michai inapokutana na msitu. Nilimwona mdogo kama sindano, akiinamisha kichwa juu ya simu. Nyuma yangu printa ikavuta pumzi. Karatasi ya mforsadi ikaingia, ikatoka, jina la shamba likiwa limesimama wima, jeusi, limenyooka.

Alirudi mbio. Sikuwa nimemwona akikimbia tangu harusi yake.

"Imenisikia?"

Nikamwonyesha karatasi. Akaigusa kwa kidole, wino ukamwachia alama, naye akatazama alama hiyo kwa muda mrefu.

Kuskani nako kukakubali. Ulichoweka kwenye kioo kilimfikia kwenye simu, popote alipokuwa. Kwa siku mbili nyumba haikutulia. Aliskani kikonyo cha chai chenye majani mawili. Aliskani kipande cha tunda la persimoni kilichokaushwa, chanuo, kijiko. Mchana mmoja nilimkuta amelaza shavu juu ya kioo, macho ameyafumba, mwanga wa kijani ukimpita usoni kama mwezi unaopita chini ya maji.

"Usicheke," alisema bila kufumbua macho. "Ni baridi vizuri."

Mchana wa siku iliyofuata, ukungu ulikuwa umeshaingia, sisi wawili tuko kwenye nyungo tukigeuza majani machache tuliyotangulia kuchuma. Yananukia sana saa hizo, harufu kama ya maua, mpaka mtu anasahau alilotaka kusema. Tukasikia printa ikiamka chumbani.

"Umebonyeza?" nilimwuliza.

Akanionyesha mikono yake miwili, imejaa majani.

Tukaingia. Kwenye sinia la mbele palikuwa na karatasi moja ya mforsadi, na juu yake mstari mmoja. Mstari tu. Ulianza kushoto, ukapanda ukitetemeka, ukateremka, ukaishia ukingoni.

"Wino unavuja," nilisema, nikafungua mfuniko, nikapangusa. Hapakuwa na kilichovuja.

Kesho yake, saa ileile, mstari mwingine. Keshokutwa mwingine, na chini yake vijimistari vifupi, kama mvua. Shemeji akaacha kusema habari za mama mkwe. Akaanza kuchungulia saa kila ilipokaribia nane, akijifanya anatafuta kitu.

Siku ya nne nikakumbuka kumwuliza mkalimani. Lile bamba huweka kumbukumbu ya kila anayelitumia, nami nilikuwa sijawahi kutazama. Nikafungua. Kila ukurasa ulitoka kwenye kishkwambi kimoja, na jina la kishkwambi lilikuwa *Baba Kho*.

Mwalimu Kho anakaa chini yetu kidogo, mita sitini kwa jicho, dakika ishirini kwa mguu kwa sababu ya korongo. Alikuwa mwalimu wa kuchora, na lebo zote nzuri za mlima huu alizichora yeye. Kwa shemeji alichora ndege, korongo mweupe akinyanyuka kutoka mpunga. Miaka kumi na mmoja iliyopita shemeji akamwona ndege yuleyule, bawa kwa bawa, kwenye pakiti za watu wa mlima wa pili. Akateremka kumwuliza. Mwalimu akamjibu kwamba ndege hana mwenyewe. Tangu siku hiyo hawakusalimiana tena, na shemeji akaacha picha, akachapa maandishi matupu.

Halafu mwaka jana kiharusi kikampiga Mwalimu. Mkono wa kulia ukalala, na maneno yakaondoka yote isipokuwa moja. Binti yake, Su-bi, akarudi kumwuguza. Tufani ilipokata waya wao, mimi nilimbembeleza shemeji awagawie waifai yetu, nikafunga antena ukutani ikitazama bondeni. Nilimwambia ni kwa ajili ya Su-bi. Kwa hiyo kishkwambi cha mzee kilikuwa nyumbani mwetu muda wote, kama mgeni aliyekaa kimya sebuleni, na nilipoitia printa sikio, ilijitangaza kwa wote waliokuwemo.

Nikamweleza shemeji. Uso wake ukakunjamana.

"Mzuie."

"Nimzuie?"

"Si unaweza? Mzuie. Karatasi ya mforsadi si ya kuchezea watoto wala wazee."

Nikakaa mezani, nikafungua mahali pa kuzuia. Kidole kilikuwa njiani. Printa ikaamka.

"Ngoja," alisema. "Iishe hii kwanza."

Ikaisha. Ilikuwa na mstari, na kwenye mstari pembetatu ndogo. Shemeji akaichukua. Akaiweka sakafuni. Akaenda kabatini, akatoa zile nyingine, kumbe alikuwa kazitunza zote, akazipanga kando kwa kando. Mistari ikaungana. Ulikuwa mgongo wa mlima wetu, jinsi unavyoonekana kutoka dirishani kwa Mwalimu bondeni, na pembetatu ilikuwa paa la nyumba tuliyosimama ndani yake.

"Anauchora vipande vipande," nilisema.

"Naona. Sina macho?"

Hakuniambia tena nimzuie.

Zikaja nyingine tatu. Kipande cha uani chenye nyungo. Mwanamke ameinama, mstari mmoja tu wa mgongo, lakini ni yeye, ungemtambua sokoni. Ya mwisho ilikuwa paa peke yake, kubwa, na juu ya paa mwanamume amechuchumaa akishika antena ya televisheni kwa mikono miwili, kofia yake imerudi kisogoni. Kaka yangu alikuwa akivaa kofia hivyo. Kila baada ya upepo alipanda pale kunyoosha antena, akipiga kelele, "Sasa? Na sasa?" na shemeji akimjibu kutoka ndani, "Bado!"

Shemeji alikaa sakafuni. Nami nikatoka nje, nikageuza majani ambayo hayakuhitaji kugeuzwa.

Nilipoingia alikuwa mbele ya kioo. Alikuwa amelaza hapo kofia ya kaka, ile yenyewe ya majani, imebonyea upande mmoja. Mwanga ukapita.

"Hii namtumiaje?" aliuliza.

Nikampigia Su-bi simu. Kwanza hakuamini. "Baba mdogo, mimi nilidhani anasugua tu kioo cha kile kishkwambi! Daktari alimpa cha kuzoeza mkono wa kushoto. Namwona kila siku, vidole vinaenda, vinaenda, halafu anagonga pembeni, nami namfutia uchafu."

"Anagonga pa kuchapisha."

Nikasikia akimwambia mtu aliye mbali na simu, "Baba, kumbe unatuma barua?" Na sauti nzito ikajibu neno moja, kwa furaha kubwa:

"Mshenzi!"

"Usikasirike, baba mdogo," Su-bi aliniambia harakaharaka. "Ndilo neno lililobaki. Alikuwa akiiambia brashi neno hilo nywele zake zikipanuka. Sasa ndiyo asante, ndiyo nina njaa, ndiyo kila kitu. Daktari ameitwa hivyo mara mia. Nitumieni picha yoyote, nitamfungulia kwenye kishkwambi."

Basi ikawa hivyo kwa majuma mawili. Saa nane, ukungu ukifuta paa la chini, karatasi ilikuja kutoka bondeni, na kitu kikateremka kutoka kwetu: ua la mchai, kichwa cha samaki mkavu, kiganja, barua ya maneno manne. Alichokiona mchana huo alikichora kesho yake. Kichwa cha samaki alikivika miwani. Shemeji alicheka mpaka akakaa chini. Tulichuma, tukanyausha, tukakaanga, tukakunja majani, na katikati ya kazi yote ile alikuwa na sikio moja chumbani.

Siku moja saa nane ikapita kimya. Saa tisa. Nikaangalia taa, waya, mkalimani, kila kitu kilikuwa kizima. Su-bi hakupokea simu.

"Labda amelala," nilisema.

Shemeji alikuwa ameshavaa mabuti. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba nilipomfuata nilifuata sauti ya fimbo yake tu. Njia ya korongo hakuwa ameikanyaga miaka kumi na mmoja, lakini miguu yake haikuuliza chochote. Tulipita kwenye daraja la mbao ambalo hatukuliona, tukasikia maji chini yetu, tukatokea mlangoni pa Mwalimu.

Mzee alikuwa mzima, amekaa dirishani, kishkwambi mapajani kimezima. Su-bi alikuwa juu ya ngazi na tochi mdomoni. Umeme wao ulikuwa umekatika tangu asubuhi na simu yake nayo imekwisha chaji. Shemeji akasimama mlangoni akitweta, matone ya ukungu yakimning'inia kwenye nyusi.

Mwalimu akageuka. Upande mmoja wa uso wake haukufuata, lakini jicho lilimjua.

"Mshenzi," alisema polepole.

"Mshenzi mwenyewe," shemeji alijibu. "Nimedhani umekufa."

"Mshenzi, mshenzi," mzee akasema, safari hii laini, akipigapiga kiti cha jirani yake kwa mkono mzima. Shemeji akakaa. Machozi yalikuwa yanamtoka naye hakuyapangusa, akisingizia ukungu. Nikamsaidia Su-bi kuunga waya. Hatukuwatazama.

Chai ilipokuwa tayari, shemeji alisema mzee lazima aione printa ikitoa kazi yake. Njia ya korongo haipitishi kiti cha magurudumu. Lakini shamba la shemeji lina reli ya mzigo, ile reli moja inayopandisha magunia ya majani kutoka chini kabisa, na ncha yake iko karibu na nyumba ya Mwalimu. Tukafunga kiti cha plastiki kwenye kitoroli, tukamfunga mzee kwenye kiti kwa mkanda wa kubebea magunia, na shemeji akaketi mbele yake akiendesha injini. Nilipanda kwa miguu kandokando. Waliingia ukunguni wakipanda, kichwa cha mzee kimesimama, michai ikiwapita pande zote mbili, na kwa muda sikuona reli, niliona watu wawili tu wakielea juu ya shamba.

Alitazama printa ikifanya kazi kwa saa nzima. Kila karatasi ilipotoka aliishika, akaielekeza dirishani, akaikemea kwa neno lake. Kila pakiti ya chai msimu ule ilikwenda na picha yake tofauti: paa, nyungo, samaki mwenye miwani. Mnunuzi mmoja wa mjini Taichung alilalamika kwamba hajui chai ipi ni ipi. Shemeji akamwambia anywe, atajua.

Wakati wa kumrudisha, karibu saa kumi, kitoroli kikanyamaza katikati ya mteremko. Petroli ilikuwa imekwisha. Shemeji akanipigia kelele kutoka kwenye weupe wa ukungu nisimame nisije nikaanguka, nikachukue galoni la petroli ghalani, wao wako salama. Nikaenda, nikalijaza, nikateremka nalo, goti likiuma. Nilipokaribia nikawasikia kabla sijawaona. Shemeji alikuwa anamsimulia habari za kaka, siku alipoteleza juu ya paa na kuning'inia kwenye antena mpaka nikaleta ngazi. Sikuwa nimewahi kumsikia akimtaja kaka kwa kicheko. Alipofika pa kuchekesha alitua, na mzee akatia neno lake mahali pake hasa, kama mtu anayejua hadithi inavyokwenda.

Nikaweka galoni chini, nikakaa juu ya jiwe, nikawaachia wamalize. Baada ya hapo nilitia petroli, injini ikashika, na Su-bi alikuwa ametungoja kwenye ncha ya reli na blanketi na uji wa viazi vitamu, akiuliza tulikuwa wapi muda wote huo.